Gurudumu Mgongoni

Hazel Tuckett alikuwa hajavua hata koti lake la mvua alipoliona lile kopa ukutani.

Lilikuwa kopa kubwa, umbo la moyo, limepangwa kwenye ubao wa rangi ya waridi, limetiwa fremu na kutundikwa juu ya televisheni, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Kopa zima la vifungo. Na si vifungo vya plastiki vya kununua sokoni, bali vya lulumizi, vilivyochongwa zamani kwenye gamba la chaza, vile ambavyo ukivitazama huku ni maziwa, ukivitazama kule ni moshi.

"Umeona, wifi?" Yvonne, mke wa mdogo wake Clive, alikuwa nyuma yake anashangilia. "Hilo si kitu. Tazama saa. Tazama kivuli cha taa. Hata kisanduku cha tishu nimekivisha. Majirani wananiambia nifungue darasa."

Hazel alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao. Katikati ya kopa palikuwa na kifungo kilichomeguka ukingo, mmeguko mdogo kama kucha ya mtoto. Alikijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Kwenye koti la baba yake kilikaa katikati ya mgongo. Alipokuwa mdogo, akimfuata baba kwenye msongamano wa soko, hicho ndicho alichokikazia macho asipotee.

"Hivi umevitoa wapi?" aliuliza polepole.

"Si kwenye lile koti bovu la kabatini! Nondo walishalimaliza, wifi. Nikaona dhambi vifungo vizuri vile vioze na matambara."

Alf Tuckett, baba yao, alikuwa Mfalme wa Vifungo wa mtaa wa Marlpit, mashariki ya London, na kabla yake babu yao aliyeuza chaza kwa mkokoteni. Ni ufalme usio na kiti wala askari. Mali yake ni koti jeusi lililojaa vifungo vyeupe toka kola mpaka pindo, na kopo la sadaka. Mfalme husimama mlangoni mwa baa, sokoni, na kanisani siku ya mavuno, akachekesha watu na kuwakamua senti za wagonjwa na yatima. Kila ukoo una nakshi yake, na nakshi haichorwi kwenye karatasi, isije ikaibwa na ukoo mwingine. Kitambaa kikichakaa unakata kipya, unakilaza ubavuni mwa cha zamani, unahamisha kifungo kimoja kimoja kwa jicho na kidole. Kitambaa hufa. Vifungo havifi.

Nakshi ya akina Tuckett ilikuwa gurudumu la mkokoteni, limejaa mgongo mzima, na spoku moja imekosekana. Picha za baba zilikuwepo tele, lakini nani humpiga mfalme picha ya mgongo?

Hazel alikuwa amelileta koti hapa Romford majira ya baridi, dari ya nyumba yake ilipoanza kuvuja akaogopa ukungu. Nyumba ya Clive ilikuwa kavu. Na leo alikuja kulichukua. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepita dukani kukatiwa kitambaa kipya cheusi, nacho kilikuwa mkobani mwake pamoja na sindano, subana na uzi uliopakwa nta. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Alikuwa amemwahidi baba yake kitandani alipokuwa anakufa, mkono juu ya mkono, kwamba gurudumu litatoka tena.

"Umevibandika kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa gundi ya moto. Haitoki hiyo, ukiibandika umebandika!"

"Na hivi?" Hazel alionyesha ncha ya chini ya kopa, ambako vifungo vilikuwa vyeupe pee kama chaki, havina mng'ao hata chembe.

Yvonne alikunja uso kidogo. "Hivyo ndivyo nilivyoanza navyo. Vilikuwa vina weusi wa miaka, nikaviloweka kwenye siki. Sijui vikapatwa na nini. Vingine nikavisafisha kwa sabuni tu. Vilivyopauka zaidi vimo kwenye bakuli, vimenishinda."

"Siki! Lulumizi kwenye siki! Siki inakula gamba, mwanamke wewe, kila mtoto wa Marlpit anajua! Una akili kichwani au una gundi?"

"Wifi!"

"Usiniite wifi! Wifi gani anamchuna manyoya marehemu baba mkwe wake akapambia kisanduku cha kufutia makamasi?"

Clive alitoka jikoni na trei ya chai. Alikuwa mtu mpana, mtulivu, fundi mabomba aliyestaafu. Mbwa wao Rufus alimfuata kisiginoni.

"Dada, kunywa chai kwanza."

"Kunywa wewe, ikuunguze. Unajua mkeo amefanya nini?"

"Mimi sikuiba!" Yvonne alilia. "Clive, mwambie. Mwambie nilikuuliza."

Clive aliweka trei mezani, taratibu, kikombe kisimwagike.

"Aliniuliza," alisema. "Nikamwambia chukua vyote."

Hazel alimtazama. Hasira yake kwa Yvonne ilikuwa moto wa karatasi. Hii ilikuwa ya makaa.

"Wewe. Mtoto wa Alf Tuckett."

"Mimi, mtoto wa koti la Alf Tuckett," Clive alisema. "Maana baba mwenyewe sikuwahi kukutana naye."

"Koma!"

"Sikomi. Nimekoma vya kutosha. Wewe ulikuwa unamtilia uzi kwenye sindano, mnacheka wawili mezani. Mimi nilisimamishwa nje ya baa na kopo, watoto wa shule wanapita wanaimba, Clive Kifungo, Clive Kifungo, nani kakufungua. Unakumbuka nilipovunjika mguu? Nimelala wodini, namsubiri baba. Akaja. Na koti. Wodi nzima ikalipuka! Akazunguka kitanda baada ya kitanda, huyu anamwimbia, yule anamtolea sarafu sikioni. Alipofika kwangu akanipiga begani, akasema, 'Huyu ni wa nyumbani,' akapita. Akapita, Hazel! Kitanda cha jirani alikaa mpaka manesi wakamfukuza."

Hazel hakulijua lile la wodini. Lakini hasira ikishapanda mlima haishukii katikati.

"Kwa hiyo ukalipiza kisasi kwa koti. Mwanamume mzima, una wajukuu, unapigana na nguo. Alipokuwa hai ulikuwa na ulimi, mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, na masikio yake yalikuwa yameshonewa vifungo?"

"Koti lenyewe liko wapi?" Hazel aliuliza ghafla.

Clive alianza kupanga vikombe upya.

"Nauliza kitambaa! Vifungo nitavibandua hata kwa meno. Lakini bila kitambaa sina nakshi. Sijui spoku inaanzia wapi, sijui duara lina upana gani. Kitambaa kiko wapi, Yvonne?"

Yvonne alitazama sakafu, kisha macho yake yakateleza mpaka pembeni mwa dirisha. Hazel aliyafuata. Rufus alikuwa amerudi kwenye godoro lake, anajizungusha apate pa kulala. Godoro lilikuwa la viraka, zuri kwa kweli, limeshonwa kwa mkono uliotulia. Vipande vya pembeni vilikuwa vya suruali na mapazia. Cha katikati, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa cheusi.

"Mungu wangu," alisema Hazel. "Baba analaliwa na mbwa."

Alikwenda akamshika Rufus ukosi. Rufus akanguruma. Hazel naye akanguruma, na mbwa, ambaye hakuwahi kujibiwa hivyo na binadamu, akaondoka zake kwa heshima. Hazel alitoa mkasi mdogo mkobani, akapiga magoti, akaanza kufumua.

"Nisaidie basi," Yvonne alisema, akichuchumaa. "Mshono naujua mimi."

"Umeshasaidia. Kaa mbali."

Mgongo wa koti ulitoka mzima. Ulinuka mbwa, ulijaa manyoya, na nondo walikuwa wameula huku na huku. Hazel aliukung'uta, akautandaza sakafuni penye jua la dirisha, akatazama. Jua la miaka yote ile ya kusimama barabarani lilikuwa limepausha kitambaa mpaka kikawa kahawia kama chai ya jana. Lakini chini ya kila kifungo jua halikuingia. Pale palipokaa kifungo palibaki duara dogo, jeusi ti, kama siku kilipokatwa dukani. Gurudumu lote lilikuwa pale. Vifungo vilikuwa vimeondoka, vikaacha vivuli vyao.

"Limo," alisema, na machozi ya hasira yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kama anayeua mbu. "Limo lote, mijizi nyie."

Alipitisha kidole kwenye kitovu, akafuata spoku moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye pengo, kidole kilisimama.

Hapakuwa patupu.

Aliinama. Kwenye mstari wa spoku iliyokosekana palikuwa na alama za duara vilevile, ila si nyeusi kama zile nyingine. Zilikuwa za rangi ya katikati, kijivu cha moshi. Vifungo vilikaa pale muda, kisha vikatolewa, na jua likaanza kula kilichobaki.

"Lilikuwa kamili," alisema kwa sauti ya chini. "Clive, njoo hapa. Baba alituambia gurudumu la mkokoteni wa babu lilivunjika spoku. Si kweli. Spoku ilikuwepo. Aliifumua mwenyewe."

"Aliuza labda."

"Mfalme hauzi kifungo." Hazel alibaki amepiga magoti, akikumbuka, na kila alichokumbuka kilimkera zaidi. "Kizibao. Kile kidogo chako. Ulikuwa hujaanza shule. Nilimwona anafumua kitu mezani, nikadhani anarekebisha. Alikushonea kizibao cha vifungo kwa siku ya mavuno, ukalia, ukajitupa chini, ukakataa kukivaa. Kisha kikapotea."

Clive alikuwa amesimama, mikono inaning'inia. "Hakikupotea. Nilikitupa mfereji wa maji machafu, nyuma ya kiwanda cha gesi."

"Kilikuwa na spoku yake."

"Sikujua."

"Na hakuziba pengo. Kopo la vifungo vya akiba lilikuwa limejaa pomoni, Clive, nilicheza nalo. Angeziba siku hiyohiyo. Akaliacha wazi, akatembea nalo mgongoni mpaka anaingia kaburini."

Yvonne alishika mdomo. Huenda alifikiri sasa watakumbatiana. Lakini uso wa Clive ulikuwa unajaa damu kidogo kidogo, toka shingoni kwenda juu.

"Na akanyamaza?" alisema. "Miaka yote ile? Anapita na pengo langu mgongoni, London nzima inalitazama, inapiga makofi, na mimi ambaye ni langu siambiwi neno moja? Alishindwa kukaa kitandani kwangu dakika moja akasema, mwanangu, uliniumiza? Alijua kusema na kila mlevi wa Marlpit!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mzee mpumbavu! Mzee mpumbavu wa vifungo!"

Hazel alisubiri hasira yake mwenyewe imjie kumtetea baba, kama ilivyomjia maisha yake yote. Ilikuja, lakini ilipofika ikageuka ikamtazama Alf Tuckett. Alimdanganya na yeye pia. Alimpa hadithi ya mkokoteni mtoto wa kike aliyekuwa anamtilia uzi kwenye sindano.

"Mpumbavu," alikubali. "Na wewe ni mpumbavu, umefanana naye kila kitu isipokuwa utani. Kaa hapo."

"Nini?"

"Kaa, nimesema."

Alitoa kitambaa kipya, akakitandaza kwenye meza ya chakula baada ya kusukuma trei kando, akakilaza cha zamani ubavuni mwake. Akaliondoa kopa ukutani kwa mikono miwili, akamkabidhi Yvonne.

"Lipeleke kwenye friza. Gundi yako ikiganda kwa baridi, hupasuka. Na saa, na taa, na hicho kisanduku cha makamasi. Ukimaliza niletee lile bakuli la vilivyopauka."

"Vile vya siki? Vimekufa vile, wi... Hazel."

"Navijua vimekufa. Wewe na mumeo ndio mliovichinja. Lete."

Bakuli lilikuja. Hazel alitia uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, hata bila miwani, akapima kwa kidole alama za spoku iliyofumuliwa, akazihamishia kwenye kitambaa kipya kwa kipande cha sabuni. Kisha akamsukumia Clive sindano, subana na bakuli.

"Ya kwako hiyo. Zingine nitashona mimi. Hiyo siigusi."

"Sijawahi kushona kitu maishani."

"Inajulikana."

Clive alikaa akikitazama kifungo cheupe kisicho na mng'ao. Alimtukana baba yake tena, kwa maneno ya wapagazi wa gatini, Yvonne akaguna. Kisha akachoma sindano kutoka chini, ikatokea pasipo pake, akaichomoa, akachoma tena. Alijichoma kidole, akamtukana baba, siki, koti na Rufus aliyekuwa amerudi kulilia godoro lake. Friza ilifunguliwa na kufungwa jikoni. Jua likahama toka sakafuni likapanda mguu wa meza. Spoku ilikuwa inakwenda upande, kama njia ya mlevi, na Hazel aliiona, akajizuia asiirekebishe mpaka taya zikamuuma.

"Kaza uzi," alisema hatimaye, hakuweza kuvumilia. "Ukiulegeza hivyo kitadondoka sokoni."

"Na kidondoke," Clive alisema, akavuta uzi, akakaza.