Tiketi Isiyorudi

Jana mchana niliota ndoto ambayo ningeinyamazia kama isingenigharimu nauli ya ndege.

Kwanza nieleze nilivyolala, maana ndoto haianzi pale mtu anapofumba macho. Mimi naitwa Mutalemwa, fundi mizani hapa Mbeya. Mwenye duka la mchele, mizani yake ikianza kusema uongo, huniletea mimi niikumbushe ukweli. Kwetu ni Bukoba, na huko nimebakiwa na ndugu mmoja, dada yangu Kokushubira, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, mama alipofariki. Alinilea kwa bidii hata akasahau kuolewa. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, na amempata mzee Byabato, mgane mpole anayefuga nyuki.

Harusi yao imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza Byabato alianguka kutoka mtini akirina asali, akavunjika mguu. Mimi nilikuwa nimeshakata tiketi, na nauli ikaenda na maji. Mara ya pili nikawa mjanja. Dada alipopiga simu kuuliza kama nimekata tiketi, nikamjibu, "Tuone kwanza." Akapiga tena. "Tuone kwanza, Dada Koku." Zikiwa zimebaki wiki mbili akasema ukumbi haujawa tayari, siku imesogezwa. Nilijisifu mbele ya mke wangu Atupele mpaka akaniambia nile, chakula kinapoa.

Sasa imepangwa mara ya tatu, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Baba hayupo, wajomba hawapo. Wa kumshika mkono dada na kumwingiza kanisani ni mimi peke yangu. Kampuni moja ya ndege ilitangaza bei nafuu, mwisho jana Jumapili saa kumi jioni. Nikala ndizi, nikajilaza kwenye kochi na simu kifuani, nikawa napima. Nikikata leo, halafu wakaahirisha tena? Mvua ikizuia ndege? Atupele alikuwa kwaya, hakuna wa kunikatiza. Nikapima mpaka usingizi ukanichukua.

Simu inajisogeza kifuani, inasimama wima na kukohoa.

"Wa kwanza apite," inasema.

Nami ndiye wa kwanza. Niko kwenye foleni ya mtu mmoja ndani ya karakana yangu, ila ukutani pamebandikwa ratiba ya ndege na darini kuna watu wanaokokota masanduku. Nyuma ya meza ameketi karani. Namtazama vizuri, naona ni mizani ya marehemu Mzee Mwakalinga, ile yenye sahani mbili iliyonishinda kuitengeneza tangu mwaka juzi. Amevaa skafu shingoni kama wahudumu wa ndege.

"Karibu mteja," ananiambia bila tabasamu. Nahisi bado ana kinyongo. "Weka hatari zako hapa."

Naanza kutoa hatari mifukoni. Sikujua kama ninazo nyingi hivyo. Hatari ya mvua imenilowesha suruali. Hatari ya ndege kuharibika inatoa harufu ya mafuta ya taa. Hatari ya Byabato kupanda tena mtini inang'ang'ania kitambaa cha mfuko, mpaka naivuta kwa mikono miwili. Karani anazipanga zote kwenye sahani ya kushoto. Sahani inashuka mpaka inagonga meza.

"Umeona?" namwambia kwa furaha. "Ni nzito. Nilijua."

"Na upande wa pili unaweka nini?"

"Upande gani wa pili?"

Karani ananitazama kama nilivyozoea kuwatazama wauza mchele.

"Fundi," anasema, "mizani ya upande mmoja inaitwa sinia."

Naona aibu. Miaka ishirini na miwili kwenye kazi, nafundishwa na kifaa kibovu! Mara mlango unafunguliwa, wanaingia mabwana wawili wenye suti za rangi moja. Mmoja ni mrefu, shingo ngumu, anajipima mlangoni kwa futi kamba kabla ya kupita. Wa pili ana kimo cha kiberiti, na anaongea haraka kiasi kwamba sisikii hata neno.

"Vigezo na Masharti," anatangaza karani. "Wazingatiwe."

"Shikamooni," nasema.

"Hatukuja kusalimiwa," anajibu Vigezo, yule mrefu. "Tumekuja kuzingatiwa. Tutazame."

Nawatazama. Naendelea kuwatazama. Macho yanawasha, naona machozi yanakuja. Napepesa mara moja tu.

"Amepepesa!" Vigezo anapiga kelele. Masharti anatoa kalamu ndogo kama kijiti cha kuchokonolea meno, anaandika jambo kwenye kiganja chake.

"Ameandika nini?"

"Kifungu kipya," anasema Vigezo. "Abiria aliyepepesa hatadai chochote kuhusu ukungu."

"Lakini ukungu si kosa langu."

"Ndiyo maana tumeuandika."

Karani anavuta droo, anaweka tiketi mbili juu ya meza. Anasema nichague moja, na saa ya ukutani inageuka kunitazama ili ijue nimechukua muda gani.

"Hii ni tiketi inayobadilika," anasema akionyesha ya kwanza. "Ina bei kubwa, lakini haikubani."

Naichukua. Mkononi mwangu inabadilika kuwa taulo. Nasema asante, inabadilika kuwa paka. Paka ananiuliza kama ningependa kwenda Lindi. Namwambia ninakwenda Bukoba, kwenye harusi ya dada yangu. Anasema hakuna tatizo, kisha anabadilika kuwa sufuria lisilo na mfuniko, na humo ndani nasikia sauti ikisema bado inafikiria. Nairudisha mezani polepole.

"Na hii?"

"Hiyo ni isiyorudi."

Tiketi ya pili ni kikaratasi chembamba, lakini imekaa mkao wa bibi aliyekataa kuhama kwenye benchi. Imekunja mikono.

"Mimi nikienda nimekwenda," inaniambia. "Usinililie baadaye."

"Na harusi ikiahirishwa?"

"Sirudi."

"Ndege ikifutwa?"

"Nitakaa hapohapo uwanjani nikusubiri. Lakini kurudi, sirudi. Mama yangu hakurudi, bibi yangu hakurudi."

Kumbe walewale! Nakumbuka nauli yangu ya mara ya kwanza, natafuta namna ya kuiuliza kama ni ndugu yake, lakini wakati huo kipaza sauti kinalia darini.

"Tunawatangazia abiria kwamba safari imefutwa."

Naona safari inafutwa kwa macho yangu. Karakana haipo tena. Nimesimama nyuma ya darasa, kwenye deski la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Mbele kuna ubao, na ubaoni pamechorwa safari yangu yote: Mbeya, mawingu, ziwa, migomba ya kwetu, kanisa lenye mnara mfupi. Mtu amenipa mgongo, anafuta kwa kitambaa. Anafuta Mbeya. Anafuta mawingu, vumbi la chaki linanyesha kama mvua ya kweli na mimi nakohoa. Anafuta nusu ya ziwa, samaki wanabaki hewani wakiangalia huku na huku.

Mgongo ule naujua. Ulinibeba nilipougua surua.

"Dada Koku! Mbona unafuta?"

Hageuki. "Mwalimu hufuta kisichokuwa na mwenyewe, Muta. Nimeuliza darasa zima safari hii ni ya nani. Kimya."

"Ni yangu!"

"Una tiketi?"

Napapasa mifuko mitupu. Anafuta sangara mmoja.

"Nilikuwa nangoja niwe na uhakika," nasema. "Hata wewe umeahirisha mara mbili."

Hapo anageuka. Amevaa gauni la harusi, na mfukoni mwa gauni kuna chaki tatu.

"Mara ya kwanza ulikuwa mguu wa Byabato," anasema. "Mara ya pili ukumbi ulikuwa tayari. Viti vilishapangwa. Hakuwa tayari mtu mmoja tu, naye anakaa Mbeya. Nilikuuliza mara mbili. Ulitaka niingie kanisani nimeshika nini? Nishike 'tuone kwanza' mkononi?"

Deski linanibana.

"Basi nimekubali," anasema. "Mwaka huu naingia naye. Njoo umwone."

Tunatoka darasani kwa mlango wa darasa na kufika mbele ya kanisa. Watu wamejaa ndani. Byabato amesimama karibu na altare, mguu wake mmoja umenyooka kuliko mwingine, nyuki wawili wamekaa begani kwa adabu. Kinanda kinapigwa. Na mlangoni, mahali pangu, amesimama bwana mmoja mrefu, suti yangu ya bluu imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

"Huyu ni Bwana Tuone Kwanza," dada ananitambulisha. "Amekuja badala yako. Ana heshima sana. Tatizo lake moja, haingii."

"Nimefurahi kukufahamu," anasema Tuone Kwanza na kunipa vidole viwili, vingine amevizuia mpaka atakapohakikisha. "Nimesikia sifa zako. Mimi na wewe tumefanya kazi pamoja kwa muda mrefu."

"Tafadhali ingia," namwambia. "Watu wanasubiri."

"Nitaingia. Ila sakafu naona imepigwa deki. Ngoja ikauke, tuone."

Sakafu inakauka. Kinanda kinarudia wimbo uleule mara ya nne. Mpiga kinanda ameota ndevu.

"Sasa je?"

"Sasa imekauka mno. Huenda ina nyufa."

Dada amemshika mkono bwana huyo, anangoja. Haniangalii. Naona nywele zake zinageuka mvi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayewasha taa nyumba nzima. Huko mbele, Byabato amechoka kusimama, ameletewa kiti. Hakuna anayelalamika. Hilo ndilo linalonitia uchungu: hakuna hata mmoja anayelalamika.

"Toka," namwambia Tuone Kwanza.

"Tuone kw..."

Namsukuma. Ni mwepesi ajabu. Mimi nimepima vitu maisha yangu yote, yule bwana hafiki hata robo kilo. Anapeperuka na suti yangu mpaka juu ya migomba. Nabaki nimevaa bukta mbele ya waumini. Paroko anaandika jambo.

Dada ananitazama kuanzia kichwani hadi kwenye bukta.

"Wewe ndiye mwenye uhakika sasa?"

"Sina uhakika wowote," namwambia. "Pengine mvua itanyesha. Pengine Byabato atapanda mti kesho. Nimekuja tu."

"Fungua mdomo."

Nafungua, kama nilivyokuwa nikifungua nikiwa na miaka sita. Ananitilia punje za kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa, ambayo mgeni hupewa kabla ya neno lolote.

"Tafuna," anasema. "Usiulize."

Nikaamka.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika hamsini na mbili. Simu ilikuwa imeniangukia shingoni. Sikunawa uso. Nilifungua ukurasa wa tiketi, nikachagua ile ya bei nafuu, isiyorudishiwa nauli, kwa haraka nikakosea jina langu mara mbili. Saa tisa na dakika hamsini na nane ujumbe ukaingia kwamba nimethibitishwa. Nikampigia dada hapohapo, nikiwa bado nimekaa ukingoni mwa kochi.

"Dada Koku, shikamoo. Nimekata tiketi."

Nikasikia kuku wa kwake.

"Umekata?" akauliza. "Umekata kabisa?"

"Hairudi. Hata mkiahirisha, nakuja. Nitakaa hapo kwako nile ndizi zako."

"Na ndege isiporuka?"

"Nitapanda basi. Nitaondoka mapema, nifike nimevimba miguu."

Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Byabato!" nikamsikia akiita kwa mbali. "Byabato, Muta anakuja!" Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imelowa.

"Dada," nikasema, "ule ukumbi wa mara ya pili ulikuwa tayari, eti?"

"Nani amekuambia?"

"Viti vilishapangwa."

"Muta, nani amekuambia? Hilo sikumwambia mtu. Hata Byabato hajui."

"Nilikisia tu."

"Hmm," akasema, kwa ile sauti ya kumshuku mwanafunzi. "Na mbona unaongea kama mtu mwenye kitu mdomoni? Unakula?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa nimelala. Lakini nilipopitisha ulimi kwenye jino la mwisho nikakuta kitu kigumu kimenasa. Nikakitoa, nikakiweka kwenye kiganja, nikakisogeza dirishani penye mwanga. Lilikuwa ganda la kahawa ya kutafuna, bado lina harufu ya majani ya kwetu. Hapa Mbeya kahawa tunakunywa, hakuna anayeitafuna, na nyumbani kwangu haijaingia hata punje moja kwa miaka mitatu.

"Muta? Upo?"

"Nipo, Dada," nikamjibu, nikalirudisha mdomoni.