Kilele Kilichokosekana Kwenye Mchoro

Hospitali ilipotaka kuweka tangi la maji juu ya paa la jengo la ghorofa lenye wodi ya watoto, kazi ya kulikagua jengo aliachiwa mhandisi mmoja mjane. Lilichorwa na marehemu mumewe, mhandisi kama yeye, na nani mwingine angeyaelewa mafaili yake? Ofisini meza zao zilikuwa zikitazamana. Ya mumewe sasa ilikuwa imerundikiwa karatasi za watu wengine.

Alilifungua faili kwa moyo mzito. Mchoro wa nguvu za bimu kuu, boriti ya zege iliyobeba ghorofa ya juu, ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, na kuna kitu kikamkereketa. Pale nguzo ya ghorofa ya juu inapoikalia bimu, mstari ulitakiwa kupanda hadi ncha kali. Badala yake ulikuwa umekatwa bapa. Akatazama mipangilio. Programu ilikuwa imeambiwa ionyeshe nguvu kwenye nukta chache tu, kisha iziunganishe kwa mstari. Nguzo iliangukia katikati ya nukta mbili, na kilele chote kikapotea. Mumewe alisoma alichokiona, akaagiza nondo kwa kiasi hicho.

Akaongeza nukta. Mstari ukapaa. Hakutaka kuamini, akachukua kalamu, akakokotoa kwa mkono, na jibu likaja lilelile. Bimu ilikuwa dhaifu hata kabla ya tangi kufikiriwa, na chini yake walikuwa wamelazwa watoto.

Jioni hiyo alimweleza kwanza mama mkwe wake. Walikuwa wakiishi pamoja tangu msiba, na hakutaka ayasikie kwa midomo ya watu. Mama mkwe aliacha kukunja nguo. Akauliza kama jengo haliwezi kurekebishwa bila jina la mwanawe kutajwa. Akauliza tena, kwa kuzungukazunguka, kama kosa si la kompyuta.

"Kompyuta haikudanganya, mama. Ilijibu ilichoulizwa."

"Kwa hiyo mwanangu alikosea."

"Alikosea. Na angekuwapo, saa hizi angekuwa ameshafika hospitalini kuwaambia."

Mama mkwe aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Asubuhi mhandisi alimpigia simu mganga mkuu wa hospitali na kumweleza bila kuficha. Wodi ikahamishwa siku hiyohiyo, mafundi wakasimamisha mirunda ya chuma chini ya bimu kuitegemeza. Walipobandua lipu, nyufa zilikuwapo, nyembamba kama unywele, zikipanda kutoka chini. Msimamizi wao alizipitishia kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba wamewahi.

Kwenye ripoti aliandika jina la mumewe kamili. Baadhi ya wenzake ofisini walisema amemzika mara ya pili. Maneno hayo yalimchoma, lakini hakufuta kitu. Bimu ikaongezewa nguzo chini yake, tangi likajengewa mahali pengine.

Kazi ilipokaribia kwisha, mama mkwe aliomba apelekwe akaone. Alisimama katikati ya wodi tupu, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akauliza mwanawe alikosea wapi hasa. Mkwe wake akamwonyesha.

"Hapo tu?"

"Hapo tu, mama."

Mama mkwe alianza kulia, bila kujifunika uso, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi. Mkwe wake akamkumbatia. Fundi mmoja akazima mashine, na wenzake wakaweka zana chini, wakatoka nje kuwapisha.