Daftari Katika Rundo la Njugu

Woga wa Jepkosgei ulikaa magotini. Jumamosi ile sokoni Ndalu, magoti yalipata habari kabla ya kichwa: daftari halipo.

Aliinua kigoda. Akapekua mkoba, kisha akaukung'uta mwavuli kana kwamba daftari ni kunguni. Hakuna.

Msichana huyu alikuwa wa Kibomet, pale Kitale, na alisomea digrii ya pili. Kazi yake ilikuwa kukaa. Watu wa Ndalu walishangaa sana, mtu mzima ana miguu yote miwili, ametumwa na chuo kuja kutazama wanawake wakiuza nyanya wiki sita nzima. Aliwaeleza kwamba ni utafiti, na kwamba utafiti wa namna hii hauna karatasi ya maswali ya ndiyo na hapana. Unakaa na watu, unachambua kunde pamoja nao, unasikiliza, mpaka wakuzoee kama paka wa jikoni. Hapo ndipo utajua nani hasa hukata shauri nyumbani.

Mwalimu wake, Daktari Ndirangu, alimpa sheria mbili. Ya kwanza, asibebe faili kubwa, kwa maana watu watadhani ni kanjo, askari wa baraza, na watatawanyika. Ya pili, asiandike jina la mtu hata mtu huyo akiwa ibilisi mwenyewe. Ile ya kwanza aliishika kupita kiasi. Alinunua daftari la shule lenye jalada la bluu, kama la mtoto wa darasa la tano. Ya pili aliishika wiki tano na siku tatu. Alhamisi ya wiki ya sita wingu lilikuwa limeshuka, mkono umechoka, akaandika jina.

Aliandika Lenah.

Lenah, mama Chepngeno, aliuza nyanya karibu na lango. Alikuwa na wasichana wanne, na mumewe Kiptanui pamoja na mama mkwe walikuwa wanangoja mvulana kama watu wanaongoja mvua ya Machi. Kila miezi mitatu Lenah aliaga kwamba anaenda kumwona dada yake, kumbe anaenda kudungwa sindano ya kupanga uzazi. Kiptanui alikuwa ameshaapa mbele ya wazee: mke akimfanyia mambo hayo atarudishwa kwao Mlima Elgon mikono mitupu, na wasichana watabaki. Lenah alimwambia Jepkosgei hayo yote huku akichambua kunde, bila kuinua macho. Jepkosgei aliweka mkono kifuani akasema, "Itakaa kwangu."

Kisha mvua ikanyesha, naye akakimbilia kibanda cha Bi Kadija, muuza njugu. Ili daftari lisilowe, aliliweka juu ya rundo la madaftari mengine. Mvua ilipokatika akakumbuka mwavuli. Daftari hakulikumbuka.

Sasa, rundo lile lilikuwa la nini? Bi Kadija huletewa madaftari yaliyojaa kutoka shule za Bungoma. Huyachana, akaizungusha kila karatasi kidoleni ikawa kama pembe ya mbuzi, akatia njugu, akauza.

"Nyanya Kadija," Jepkosgei alimwambia, "Alhamisi niliacha hapa daftari ya bluu."

Bi Kadija alimwonyesha rundo kwa kidevu. "Mjukuu wangu, hapa yote ni ya bluu. Si ungeacha nyekundu?"

"Umeshaichana?"

"Nimechana tangu alfajiri. Leo njugu zinatoka, ni kama watu wameambiwa kuna siri ndani."

Alisema hivyo kwa mzaha tu, maskini, lakini Jepkosgei aliona soko linazunguka. Siri ya Lenah ilikuwa inatembea mikononi mwa watu, nao wanailamba chumvi.

Fundi wa cherehani, Wachira, alikuwa amekunjua karatasi yake anasoma. Akamwita Jepkosgei amsaidie. Ati hapa imeandikwa kwamba mwanaume wa cherehani hujiita mkuu wa nyumba lakini hamuuzii mtu suti kabla ya kumpigia mkewe simu. Je, huyo anaweza kuwa nani? Jepkosgei alisema hajui. Mwandiko ulikuwa wake. Wachira alitazama huku na huku kama mkewe yuko karibu, kisha akaitia karatasi mdomoni mwa jiko la pasi.

Hapo ndipo alipomwona Kiptanui. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, njugu mkononi, karatasi imebaki nusu. Akizimaliza atafanya nini? Ataikunjua. Kila mtu huikunjua, kutafuta ile ya mwisho.

Pale Ndalu msichana haombi njugu kwa mume wa mtu. Akiomba njugu, ameomba na mengine. Jepkosgei alijua hivyo, aliwahi hata kuyaandika. Akaenda.

"Shemeji, nionjeshe."

Kiptanui alinyoosha kola. Kabla hajapata neno tamu la kujibu, msichana alikuwa amemnyang'anya zote.

"Pole pole, dada. Njugu hazina miguu."

Lakini Jepkosgei alikuwa nazo. Alijificha nyuma ya magunia ya mahindi, akakunjua karatasi. Saba mara nane, hamsini na nne. Kosa, kwa kalamu nyekundu. Chini mwalimu wa watu alikuwa ameandika: Njoo unione.

Alipoinua kichwa, Lenah alikuwa anamtazama kutoka kwenye nyanya zake. Alikuwa ameona yote.

Gari la Kitale lilipiga honi. Angepanda, saa moja baadaye angekuwa Kibomet, na Lenah angebaki akidhani mgeni alimtaka mumewe tu. Dhambi hiyo ni ndogo. Jepkosgei alipiga hatua mbili kuelekea gari. Ya tatu ilikataa.

Alichuchumaa mbele ya nyanya akamweleza Lenah kila kitu, jina, mvua, rundo. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mbu. Lenah aliendelea kupanga nyanya, nne chini, moja juu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama Chepngeno."

Lenah alitoa karatasi iliyokunjwa chini ya aproni. "Nilinunua njugu saa mbili. Nikapata jina langu kabla ya kuonja. Nimekukalia hapa kama vile wewe hutukalia sisi, nione utapanda gari ama utakuja."

Jepkosgei alitaka kulia. Lenah hakumpa nafasi.

"Ulisema itakaa kwako."

"Nilisema."

"Basi ikae." Akamwekea karatasi mkononi. "Tafuna."

Pikipiki ilikuwa inakuja. Jepkosgei aliisukuma karatasi yote mdomoni. Ilikuwa na chumvi na ladha ya wino, nayo haikutaka kushuka. Kiptanui alizima injini.

"Nyinyi mnakula nini?"

"Njugu," Lenah alisema.

"Nipeni basi, huyu dada si alinimalizia zangu?"

"Zimeisha."

Kiptanui aliinama akamtazama Jepkosgei usoni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Koo la msichana lilipanda, likashuka.

"Mbona meno yako ni ya bluu?"

Jepkosgei alifunga mdomo. Lenah alimsukumia ungo wa kunde, naye akaanza kuchambua, macho chini, bila kalamu.