Udongo wa Handaki

Wawira alipiga jembe mara tatu, akasimama kuhema. Akapiga tatu tena, akasimama. Kila mwanamke wa kijiji alipimiwa kwa siku futi nane za handaki la kuwazuia wapiganaji wa msituni, pale juu ya Kianjokoma mashamba yanapokutana na msitu, na ambaye hakumaliza hakufunguliwa geti la kijiji. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alipodhani hakuna anayemtazama, alimega kipande cha udongo mwekundu ukutani mwa handaki, akakitia mdomoni. Ulikuwa mtamu, na alijionea aibu.

"Tena?" aliuliza Nelius, mke mwenzake, bila kuinua kichwa. "Enda kwa Salesio. Hii si hamu ya mimba peke yake. Angalia mkono wako, umekuwa mweupe hapo ndani."

Salesio alikuwa dresa wa kijiji, mtu wa bandeji na dawa ya minyoo. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, akalitazama kwa muda.

"Moyo unaenda mbio?"

"Hata nikiwa nimekaa. Na masikio yanalia."

"Udongo umeanza kula lini?"

"Tangu tuhamishwe huku."

Hapo hapakuhitaji daktari. Tangu serikali iwaswage wote ndani ya seng'enge, chakula chao kilikuwa uji wa mahindi, asubuhi na jioni. Mboga zilibaki zinaota ng'ambo. Mbuzi walichukuliwa.

"Damu imekwisha, mama," Salesio alisema. "Ungekuja ile siku ya kwanza ulishindwa kupanda kilima. Mimi hapa sina kitu. Embu wanaweza kupima na wako na dawa, lakini uende wiki hii. Ukizaa hivi, hata hii kidogo itamwagika."

Akamwandikia barua ya kuombea pasi ya kutoka kijijini, kwa hati nzuri, na hakusahau kutaja dalili hata moja.

Njiru, hedimani aliyesimamia kijiji, aliisoma akiwa mezani kwake katika kambi ya homgadi, wale walinzi wa serikali. Aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"'Amekula udongo miezi minane.'" Akainua macho. "Udongo?"

Katika kiapo cha Mau Mau watu walilishwa udongo. Walioungama walilitaja hilo, na Njiru alikuwa amewasikiliza wengi. Mkewe mwenyewe alilamba udongo mimba zote tano, ila huyo hakuna aliyemwandikia barua.

"Ni ugonjwa, mzee. Salesio ameandika..."

"Salesio ameandika unakula. Hajaandika nani alikulisha."

"Hakuna mtu. Ni hamu tu."

"Pasi ni ya watu wameungama. Hiyo ni sheria, si mimi." Alivuta kitabu cha pasi, akaandika jina lake, akaandika Embu, hospitali. Akashika muhuri juu ya karatasi. "Mmoja tu. Nani alikulisha?"

"Ni bwana yangu."

"Huyo tuko naye kizuizini Manyani miezi sita sasa. Nipe mwingine."

Mtoto alicheza tumboni kwa unyonge, akatulia. Giza lilimjia Wawira machoni, akashika ukingo wa meza. Aliogopa kufa. Hakuwahi kuogopa kitu namna ile, na alijichukia hata kabla hajafungua mdomo.

"Nelius," alisema.

Muhuri ukagonga.

Njia ya Embu ilipita kando ya handaki. Nelius alikuwa amemaliza futi zake nane, sasa alikuwa anachimba za Wawira.

"Amekupa?"

"Amenipa."

"Mungu ashukuriwe! Enda basi, usikae njiani. Hii yako nitamaliza."

Homgadi wawili walikuwa wanateremka kutoka kambini, bila haraka. Wawira aliikunja pasi akaishika kwa mikono miwili. Nelius alitema mate viganjani, akainua jembe.