Glasi ya Maji ya Aliyeshindwa

Ofisini walimwita Mwalimu, na hakuna aliyekumbuka lini jina hilo liliacha kuwa utani. Alikuwa wakili kama wenzake, ila kila mwanafunzi wa uwakili aliyeingia pale akiwa hajui hata kuvaa joho alipitia mikononi mwake, akaiva, akapanda cheo. Yeye alibaki pale pale, kama ngazi.

Somo lake lililovuma lilikuwa namna ya kumwambia mteja kwamba amebwagwa mahakamani.

"Usimkalie ng'ambo ya meza kama polisi. Kaa ubavuni mwake, mmiminie maji. Mpe matokeo kwanza, sifa baadaye. Ukitanguliza sifa atakuchukia. Mwisho mpe kazi ya kufanya, asiondoke mikono mitupu."

Mwaka huu wenye kampuni walikuwa wakichagua mbia mpya, mtu wa kugawana nao faida badala ya kungoja mshahara. Mama yake alishaanza kuwatambia majirani.

"Mama, subiri basi."

"Nisubiri nini, mwanangu? Nusu ya mabosi pale si umewalea wewe?"

Siku ya majibu aliitwa na mmoja wa hao aliowalea, mbia kijana mwenye tai ya bei mbaya. Kijana akainuka, akazunguka meza, akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake. Akashika jagi.

Mwalimu akayatazama maji yakipanda kwenye glasi, moyo ukimshuka.

"Mwalimu, hakuna asiyejua mchango wako hapa. Uvumilivu wako, ule moyo wako wa..."

"Matokeo kwanza."

Kijana akaliweka jagi mezani. "Hukupita."

"Haya, sasa nisifie."

"Wanasema unafundisha vizuri mno. Ukipanda, nani atawapika hawa wapya?"

"Kumbe kosa langu ni mapishi."

"Ila nyongeza ipo, mshahara utaguswa kidogo."

"Umeguswa miaka yote huo. Haujawahi kukumbatiwa." Akaichukua glasi. "Na kazi ya kunipa iko wapi?"

Kijana akainamisha macho. "Wanafunzi wapya wako chumba cha mikutano. Wanakungoja."

Akayanywa maji yote, hakubakiza tone. Katika faida ya kampuni ile, hilo ndilo lilikuwa fungu lake.

Wanafunzi walisimama alipoingia, majoho mapya mikononi.

"Kaeni. Majoho yatangoja. Leo tunaandika notisi ya kuacha kazi. Yangu. Mimi naandika ubaoni, ninyi mnasahihisha."

Wakacheka; walishaambiwa kwamba Mwalimu ana masihara. Akafungua kalamu.

"Tunaanza na nini?"

"Shukrani?" akajaribu binti mmoja wa nyuma.

"Matokeo," akasema, akaandika, na kicheko kikaisha chenyewe.

Katikati ya mstari mkono ukasita. Alimkumbuka mama yake, na majirani, na kwamba jioni ile jagi atalishika yeye.