Hassani Alipogoma Kutoka Kaburini

Ndege ile ilikuwa ya mafunzo, na kijana wa Kizungu aliyeirusha alikuwa bado anajifunza. Mwaka ule wa vita ndege kama hiyo zilipita juu ya kijiji chetu cha Kolo mara kwa mara, zikitutishia kuku. Batuli, ambaye mwanawe Athuman alikuwa Burma na jeshi la Mwingereza, alizipungia mkono na kuziuliza kama zimemwona. Tulimcheka sana. Kisha siku moja ya mvua na ukungu mzito yule kijana hakuuona mlima wetu, akaugonga. Tulimkuta amekwisha kufa.

Mto ulikuwa umefurika, gari la jeshi la kumchukua lisingevuka. Jumbe akaamuru tumzike wenyewe kabla ya giza. Tukachimba, na hapo ndipo Hassani alipotuharibia kazi.

Hassani ni mtani wa nusu ya wilaya. Kaburi likishachimbwa, yeye hujilaza humo, humsema marehemu, na hatoki mpaka wafiwa wampe kitu, walau kuku. Siku hiyo, kwa mazoea tu, miguu ilimtangulia. Tuligeuka tukamwona amejinyoosha chini, mikono kifuani.

"Rubani gani huyu hajui hata mlima?" akasema kwa sauti. "Mbuzi wangu wanaujua! Simpishi mpaka ndugu zake waje."

Tulicheka, kisha tukajiuliza. Ndugu gani? Na mtani akishadai, kumtoa bure ni kumzika marehemu kama mtu asiye na kwao. Hassani mwenyewe alishalitambua kosa, uso ukamshuka. Mvua ikaanza tena. Mpumbavu huyu, niliwaza, atatufanya tumlaze mtoto wa watu nje na fisi.

Batuli akapita katikati yetu wanaume. Kwetu wanawake hawaji makaburini, lakini nani angethubutu kumwambia?

"Mfiwa ni mimi," alisema. "Toka, Hassani. Nina jogoo nyumbani."

"Yule aliyekonda?" Hassani alianza, ila hakuumaliza utani. Akapanda juu, akajipangusa udongo. "Sitaki jogoo. Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa," akajibu, na hakuwa amepoa hata kidogo. Alimlilia yule Mzungu kwa kumwita mwanangu, akimwomba Mungu mbele yetu sote kwamba Athuman akianguka huko Burma, asikose mama wa kumtoa mtani kaburini.