Kilichotarajiwa, Kilichotokea

Sabini na mbili. Hayo ndiyo maombi ya kazi aliyotuma Kitinda tangu amalize chuo, na kama unadhani aliyahesabu kwa kupenda, basi wewe hujawahi kutafuta kazi ya kompyuta. Sabini na moja yalikwenda kimya kimya, hata ile "hapana" ya heshima hakupewa. Kampuni zote zinataka kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye uzoefu wa miaka mitano. Sasa huo uzoefu aupate wapi, tumboni mwa mama yake?

Waliomwita Kitinda ni watu wa nyumbani, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, wa mwisho kati ya watano. Jina lake kamili, lile la cheti, alilitumia kwenye barua za maombi. Lakini mtandaoni jina hilo lilikuwa na mtumiaji mwingine, na hapo ndipo balaa lilipokaa.

Mtumiaji mwenyewe ni baba yake, mkaguzi wa lifti mstaafu, ambaye mtaani walimwita Mzee Kero. Miaka thelathini na moja alipanda na kushuka kwenye lifti za watu akiandika kasoro, na siku alipostaafu, mkono ulikataa kustaafu naye. Taa ya barabarani ikizima, anaandika. Bomba likivuja, anaandika. Kwanza anaandika kwa kalamu kwenye daftari gumu lenye mgongo mwekundu, halafu anavaa miwani na kunakili kwenye simu neno kwa neno, kwa kidole kimoja, ili wahusika wasome, na dunia nzima isome nao. Yote hayo kwa akaunti yenye jina la binti yake.

Lakini tusimwonee mzee wa watu. Akaunti alipewa. Kitinda alikuwa kidato cha pili, mzee kanunua simu yake ya kwanza ya maana na anamsumbua kutwa amfungulie akaunti, na binti, kwa uvivu wa umri ule, akamwambia, "Chukua hii yangu, baba. Mimi siitaki tena." Mzee akashukuru. Alichobadilisha ni picha tu: akaweka kitufe cha lifti. Ikapita miaka kumi.

"Dada, umewahi kujitafuta mtandaoni?"

Aliyeuliza ni binamu yake, ambaye ukoo mzima unamwita Mshauri kwa sababu ushauri wake huja hata bila kuombwa. Alifika Jumatano jioni, baada ya kusikia kwamba ombi la sabini na mbili limejibiwa. Kampuni moja inayotengeneza programu ya simu ya kupangia miadi ya zahanati ilimtaka Kitinda kwenye usaili siku ya Ijumaa. Kazi yenyewe ni kuijaribu programu kabla haijafika kwa watu na kuandika kila kinachoharibika. Mama alikuwa amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mshauri aliandika jina la Kitinda kwenye kompyuta, akaigeuza ili naye aone.

Choo. Kitu cha kwanza kabisa chini ya jina lake kilikuwa choo.

"Jumanne, saa 3:10 asubuhi. Mahali: zahanati, choo cha wanaume cha pili kutoka mlangoni. Nilichofanya: nilivuta mnyororo mara tatu, nikisubiri dakika moja kila mara. Nilichotarajia: maji yashuke. Kilichotokea: maji yalishuka kwenye choo cha pembeni, ambamo kulikuwa na mtu. Hali: bado."

"Choo cha wanaume, dada," Mshauri alisema taratibu. "Wewe ulifuata nini humo?"

"Ni baba! Mungu wangu, ni baba huyu!"

Akazidi kusoma, na kila aliposogeza ukurasa mambo yalizidi kuharibika. Mtaro ulioziba. Kengele isiyolia. Ngazi yenye kidato kimoja kifupi kuliko vingine, na kipimo chake. Programu ya miadi iliyompa mtu Jumapili wakati zahanati imefungwa. Mia nne na kumi na mbili kwa jumla, kila moja na siku yake na saa yake, na juu ya kila moja jina la Kitinda limekaa kama mwenye nyumba.

"Nani atamwajiri mtu anayelalamika hivi?" Mshauri aliuliza. "Siku hizi taswira yako ndiyo barua yako ya maombi. Futa. Fungua nyingine, weka picha umevaa koti, andika kwamba una shauku."

"Shauku ya nini?"

"Shauku tu. Wenyewe wanaipenda."

Basi Alhamisi mchana, mzee amejinyoosha kidogo baada ya kula, Kitinda akaingia kwenye ile akaunti kwa neno la siri lile lile la kidato cha pili, akafuta zote. Hakumwuliza baba yake. Alijiambia atamweleza kesho akirudi na kazi mkononi, mzee atafurahi, yataisha. Watu tunajua kujidanganya.

Jioni ile mzee akatokea sebuleni ameishika simu mbali na uso.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa mchanga, "hii simu imekula maneno yangu."

"Si simu, baba. Nimefuta mimi."

"Yote?"

"Yote! Baba, nimechoka! Mtu akinitafuta anakutana na choo. Maombi sabini na moja, baba, kumbe ndiyo maana hawanijibu! Wewe umeshastaafu, unaweza kukaa ukawa kero. Mimi hata kazi sijaanza na tayari nimeharibikiwa jina!"

Neno likishatoka halirudi kinywani. Mzee alimtazama, akavua miwani, akaikunja vizuri, akaingia chumbani na daftari lake. Mama, aliyekuwa anakunja nguo, hakuinua hata kichwa.

"Hongera," alisema.

Ijumaa asubuhi Kitinda aliondoka nyumbani bila baraka za baba. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tano. Lifti iliyompandisha ilisimama ghorofa ya tatu bila kubonyezwa, mlango ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena, lakini yeye alikuwa na roho mkononi na hakuwa na muda wa lifti.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi, na mbele yake kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Aliitikia shikamoo, akamwonyesha kiti cha karibu na dirisha, na hakupoteza wakati.

"Jana nilitaka kuwaonyesha wenzangu ile ripoti yako ya Jumapili, nikaikosa. Na zingine zote sizioni. Umezifuta?"

"Ripoti ipi, mama?"

"Mwaka jana programu yetu ilikuwa inawapa watu miadi siku ya Jumapili. Walioandika ni wengi, na wote waliandika kitu kimoja: programu yenu takataka. Wewe peke yako ndiye uliyeandika siku, saa, ulichobonyeza, ulichotarajia na kilichotokea. Tuliirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Ombi lako lilipofika, nikaliona jina, nikasema huyu ndiye. Cheti chako, kusema kweli, sijakisoma." Akaegemea meza. "Ni wewe uliyeandika, sivyo?"

Hebu niambie, ugumu ulikuwa wapi? Kufungua mdomo na kusema "ni baba yangu". Maneno matatu! Mtoto wa darasa la kwanza anayaweza.

"Ndiyo," alisema Kitinda. "Ni mimi."

Mkuu wa kitengo akampa simu yenye toleo jipya la programu, akampa karatasi, akampa nusu saa. Kitinda alibonyeza kila kilichobonyezeka. Karatasi iliporudi, yule mama aliisoma kwa sauti.

"'Programu inachelewachelewa. Mahali pengine inakwama. Rangi haivutii.'" Akamtazama juu ya miwani. "Inakwama wapi?"

"Mahali pengine, mama."

"Mahali gani pengine?"

Kitinda akaitazama simu kana kwamba itamsaidia.

"Labda ni woga," alisema mkuu wa kitengo, ingawa sauti yake haikuamini woga huo. "Jumatatu saa nne nirudie na ripoti moja. Kitu chochote kibovu kilicho karibu nawe, kimoja tu. Lakini kiandikwe kama ulivyokuwa unaandika zile."

Njia nzima ya kurudi, Kitinda aliwaza kitu kimoja: daftari. Mtandaoni zimekwisha, lakini zote mia nne na kumi na mbili zipo kwenye daftari lenye mgongo mwekundu. Anachukua moja, ananakili, kazi anapata, nani atajua? Tatizo ni kwamba daftari lina mwenyewe, na mwenyewe hakuonyesha uso Ijumaa yote.

Jumamosi asubuhi akamkuta mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba daftari lako."

"La nini?"

Alikuwa amejiandalia jibu, lakini lilimpotea. Akamwambia yote: ripoti ya Jumapili, lile "ni mimi", zile rangi zisizovutia. Alisubiri afokewe. Mzee hakufoka.

"Ukiandika 'lifti mbovu'," alisema, "fundi anakuja na nyundo. Ukiandika inakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikibeba watu zaidi ya wanne, anakuja na dawa. Ndiyo siri yote, hakuna nyingine." Akamsogezea daftari. "Chukua. Lakini anza na ukurasa wa mwisho."

Mwandiko ulikuwa ule ule ulionyooka, wa miaka yote.

"Alhamisi, saa 12:20 jioni. Mahali: sebuleni kwangu. Nilichofanya: nilifungua akaunti niliyopewa na binti yangu, nione majibu ya bomba la nyuma. Nilichotarajia: kama kuna tatizo, ningeulizwa. Kilichotokea: kazi ya miaka kumi imefutwa na sikuulizwa. Nimeitwa kero. Mtaani wananiita hivyo, sijali. Nyumbani ni mara ya kwanza. Hali: bado."

Kitinda aliisoma mara mbili, na mara ya pili hakuweza kuimaliza kwa machozi.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia."

"Basi andika imerekebishwa."

"Fundi hajipitishii kazi yake mwenyewe," alisema mzee. "Anayepima ni aliyelalamika. Na bado sijapima."

Siku ile Kitinda alimfungulia baba yake akaunti mpya, kwa jina lake mzee mwenyewe, na akakaa naye mezani kuzirudisha zile ripoti kutoka kwenye daftari, moja moja. Alianza na choo. Mpaka Jumapili jioni zilikuwa zimerudi sitini na tatu, shingo inamuuma, na Mshauri kashapiga simu mara mbili kuuliza kama ameandika shauku. Hakupokea.

Jumatatu saa nne akaweka karatasi moja mbele ya mkuu wa kitengo. Yule mama safari hii alisoma kimya.

"Ijumaa, saa 4:25 asubuhi. Mahali: chumba hiki, kiti cha karibu na dirisha. Kilichofanyika: niliulizwa kama zile ripoti niliziandika mimi. Kilichotarajiwa: ukweli, kwamba ni za baba yangu, mkaguzi wa lifti mstaafu. Kilichotokea: nilisema ni mimi. Maelezo: baba yangu nimemwonea aibu miaka mingi. Siku niliyogundua ana faida, nikamwibia. Hali: bado."

Mkuu wa kitengo alikunywa chai yake iliyopoa mpaka ikaisha.

"Imejirudia?"

"Mara moja tu, mama."

"Jibu kama mtu wa kazi hii."

Kitinda akafikiri. "Mara moja, kwa kadiri nilivyopima."

"Miezi mitatu ya majaribio," alisema yule mama, akiiweka karatasi kwenye faili. "Na usivimbe kichwa. Kama baba yako angekuwa anatafuta kazi, ningemchukua yeye."

Nyumbani, Mama alipiga vigelegele upya, na jirani safari hii hakuja, alikwisha kuzoea. Mzee alikuwa mezani.

"Na lifti yao ikoje?" aliuliza.

"Mbovu, baba," alisema Kitinda, kisha akajishika mdomo. Akavuta kiti, akakaa. "Ijumaa, saa tatu na dakika hamsini, nikiwa peke yangu, ilisimama ghorofa ya tatu bila kubonyezwa. Mlango ukafunguka mara mbili. Nilitarajia ipite moja kwa moja mpaka ya tano. Leo tena, saa ile ile, tukiwa watu watano. Leo ulifunguka mara moja."

"Ulikaa wazi kwa muda gani?"

"Sikuhesabu."

"Kesho uhesabu."

Mzee akavaa miwani, akafungua daftari, akaandika yote aliyoambiwa. Alipomaliza, hakulifunga. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, mpaka kwenye ile ya Alhamisi, akalikata neno "bado" kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake akaandika polepole, huku binti yake akisoma begani: "Imerekebishwa. Iangaliwe tena baada ya miezi mitatu."